Leseni ya ualimu hapa kwetu inatoka ofisi gani? Na inspekta anatazama nini kwenye fishi, ile karatasi ya maandalizi ya somo?

Chaki_Katuba ameuliza:

Jambo yenu wote. Niko na lisansi ya biolojia ya universite hapa Lubumbashi, ile ya miaka mitatu ya mfumo mpya wa LMD, lakini sikusoma somo lolote la pedagojia. Prefe (mkuu wa shule ya sekondari) mmoja wa Kampemba anatafuta mwalimu wa biolojia kuanzia darasa la saba hadi mwaka wa nne wa humanite, yaani mwisho wa sekondari. Amesema nilete dosye (faili la karatasi zangu), kisha nitoe somo la majaribio mbele ya inspekta.

Ng'ambo ya Kasumbalesa, Wazambia wana sheria yao ya 2013 na Teaching Council of Zambia inayowaandikisha walimu na kuwapa cheti cha kufundisha. Kenya wana TSC, tume yao ya walimu. Kwetu leseni kama hiyo inatolewa wapi? Bila agregasio, ile diploma ya ualimu ya mtu wa universite, naweza kukubaliwa? Matrikule, ile namba ya mwalimu, inapatikana kwa njia gani? Na hiyo fishi ya somo, inspekta anataka kuona nini ndani? Wenye kujua kazi hii mnisaidie. Msinijibu «itaenda tu».

---

Papa_Ruashi:

Ndugu Katuba, usiitafute hiyo ofisi, haiko. Kongo hakuna baraza linalompa mwalimu leseni moja ya kutia mfukoni. Sheria ya elimu ya taifa, namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, inapanga mfumo wote, lakini kwa vitendo haki yako ya kufundisha inasimama juu ya karatasi tatu zinazotoka mikononi mwa watu watatu tofauti: diploma, barua ya kutumwa shuleni (komisio ya afektasio), na matrikule ya DINACOPE, ofisi inayowahesabu walimu na kutayarisha malipo. Ukiwa na mbili bado una pengo, na kila pengo lina shida yake.

Diploma kwanza. Kwa shule ya msingi karatasi ya kawaida ni D6 (diploma ya kumaliza sekondari) ya pedagojia. Mtoto wa humanite pedagojike anapita masomo ya kutazama, masomo ya kujaribu, masomo ya kukosolewa na staji, na Mtihani wa Taifa wa option yake una jury ya vitendo ambapo anafundisha kweli. Kwa sekondari njia iliyonyooka ni ISP, chuo cha juu cha ualimu, kwa sababu kule somo lenyewe na namna ya kulifundisha vinasomwa pamoja. Katika mfumo wa zamani G3 (aliyesoma miaka mitatu) alipewa madarasa ya chini, L2 (aliyeongeza miaka miwili) akapewa ya juu. Mtu wa universite, yeye ana biolojia lakini hana ualimu, na agregasio ndiyo inayoziba pengo hilo.

Hapa kuna mtego ambao umeshaharibu dosye nyingi. Lisansi yako ya LMD ni miaka 3, kredi 180. Lisansi ya zamani ilikuwa miaka 5, yaani G3 na juu yake L2. Jina ni moja, urefu ni mbali. Prefe mzee akisikia «lisansi» anaandika L2 kwenye orodha ya walimu bila kufungua karatasi. Usimwache afanye hivyo. Siku ya ukaguzi cheo kilichoandikwa kinalinganishwa na diploma iliyo kwenye dosye, na anayeonekana mwongo ni wewe, si yeye. Weka na kopi ya matokeo ya kila mwaka ili kila mtu aone kredi zako.

Barua ya kutumwa: prefe haisaini. Anapendekeza tu. Shule ya Serikali isiyo ya mkataba iko chini ya PROVED, mkuu wa jimbo la elimu. Shule ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti, ya Kikimbangu ama ya Kiislamu iko chini ya kordinasio (ofisi ya shule) ya dini ile, kufuatana na mikataba iliyoanza tarehe 26 Februari 1977 (Waislamu waliingia baadaye). Kama shule ni ya binafsi, unasaini mkataba na promota (mwenye shule), na Serikali haikulipi. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa prefe lisiwe «nitalipwa kiasi gani», liwe «shule hii inasimamiwa na nani». Kila jambo lingine linafuata hapo.

Ndani ya dosye watakuomba: barua ya kuomba kazi iliyoandikwa kwa mkono, CV, kopi zilizothibitishwa za diploma ya D6 na ya universite, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, cheti cha daktari, kopi ya karta ya mpiga kura, picha za pasipoti. Kabla ya kupeleka, panga karatasi zote mezani na usome majina yako herufi kwa herufi. Jina, postnomu na prenomu vinapaswa kufuatana sawasawa kila mahali. «Ilunga» hapa, «Illunga» pale, ama prenomu iliyo kwenye diploma na haipo kwenye karta: ni kitu kidogo sana, lakini kinaweza kufunga mshahara benki hata kama kila mtu ofisini anakujua kwa sura. Kurekebisha mapema ni rahisi kuliko kurekebisha ukiwa tayari kwenye listingi ya malipo.

Ukishapata barua, dai PV (karatasi rasmi ya ushahidi) ya kuanza kazi yenye tarehe, sahihi na muhuri, siku ile ile unayoingia darasani. Watu wanaisahau. Bila PV, miezi uliyofundisha haina ushahidi.

---

Mwl_Kamalondo:

Papa Ruashi amesema vizuri, mimi naongeza juu ya agregasio maana kuna watu watakwambia ni karatasi ya kupamba dosye.

Bila agregasio utakubaliwa, hilo ni kweli. Mwalimu wa biolojia, kemia, fizikia na hesabu anatafutwa, na shule za binafsi hazingojei. Lakini utakuwa umehesabiwa kama mtu mwenye elimu ya somo asiye na sifa ya kulifundisha. Siku nafasi inagombewa na wawili, mwenye ISP ama mwenye agregasio anapita mbele, na hakuna wa kumlaumu.

Faida kubwa iko ndani ya masomo yenyewe: saikolojia ya mtoto na ya kijana, didaktiki ya jumla, didaktiki ya somo lako, sheria ya shule, na staji inayoishia na masomo ya mtihani. Kati ya hayo, didaktiki ya somo lako ndiyo inayolipa zaidi. Mtu wa universite anajua osmozi (maji kupita kwenye utando wa seli) kwa fomula. Hajui kwamba mtoto wa miaka 14 anaamini chumvi ndiyo «inayokula» kiazi. Asipolijua hilo, atafundisha dakika hamsini akijibu swali ambalo darasa halikuwa nalo.

Shauri langu: ingia kazini kama wamekubali, lakini jiandikishe agregasio mwaka unaofuata, usingoje. Ukishapewa masaa ishirini kwa wiki na kaye (daftari) mia mbili za kusahihisha, hutarudi tena kwenye auditoriamu.

Na jambo moja ambalo prefe wako labda hakukuambia: darasa la saba na la nane si humanite ndogo. Programu zake za sayansi zilibadilishwa na mradi wa PEQPESU na zinafuata njia ya kufundisha kwa hali halisi, ile APS. Hapo hauanzi na sura ya kitabu. Unaanza na matrisi, lile jedwali la somo: namba yake (code), maarifa ya lazima, umahiri unaotafutwa, mfano wa hali halisi, halafu shughuli. Ukileta fishi ya mtindo wa kawaida katika darasa la saba, inspekta atakusimamisha kwenye mstari wa kwanza. Omba programu ya saba na nane kwa prefe leo, si siku ya somo.

---

Fundi_wa_Fishi:

Naona wote mmepita haraka kwenye swali la mwisho, na ndilo litakaloamua kama kijana anapata kazi. Nakaa hapo.

Chukua somo la osmozi, kwa kuwa Mwl Kamalondo amelitaja na kwa sababu vifaa vyake vinapatikana soko lolote. Fishi inaandikwa kwa Kifaransa, lakini hapa naeleza kwa lugha yetu.

Kichwa cha fishi: shule, darasa, tarehe, saa, tawi na somo, kichwa cha somo, vifaa, marejeo (programu ukurasa gani, kitabu ukurasa gani), na lengo. Watu wanajaza haya yote kwa dakika mbili halafu wanaanguka kwenye lengo. «Mwanafunzi ajue osmozi» si lengo, kwa sababu kujua hakuonekani kwa macho. Lengo linataka kitenzi cha tendo linaloonekana, hali ya kulifanya na kipimo. Mfano: mwishoni mwa somo, kila mwanafunzi ataweza kueleza kwa sentensi mbili na mchoro mmoja kwa nini kipande cha kiazi kinalegea katika maji ya chumvi, kwa dakika 5, bila kuangalia kaye. Sasa inspekta anaweza kupima. Na wewe mwenyewe unajua swali lako la mwisho litakuwa lipi: ni lengo hilo hilo limegeuzwa kuwa swali. Kama lengo na swali la mwisho havifanani, kimoja ni cha uongo.

Vifaa: kiazi ulaya kimoja, kisu, glasi mbili zinazoonyesha ndani, maji, chumvi vijiko viwili vya mezani kwa glasi moja. Kata vipande virefu vinene kama kidole kidogo, vyote urefu wa sentimita 5, bila ganda. Na hapa ndipo wageni wanaaibika: wanatia kiazi kwenye maji mbele ya darasa, kisha wanangoja. Kiazi hakilegei kwa dakika tano. Kinataka nusu saa na zaidi ndipo tofauti ionekane bila ubishi, na vipande vikiwa vinene mno kinataka hata zaidi. Kwa hiyo unaandaa seti mbili. Moja unaitia saa moja kabla ya somo, unaificha chini ya meza. Nyingine unaitia mbele ya wanafunzi ili waone mwanzo, halafu unatoa ile iliyokomaa ili waone mwisho. Waambie wazi kwamba ni seti ya mapema, usifanye mazingaombwe.

Mwendo wa somo, kama saa ni dakika 50:

Utangulizi, dakika 7. Kumbusho la somo lililopita (seli na utando wake), kwa maswali mawili matatu yanayoelekea somo la leo. Motisha: lengalenga lililonyauka sokoni, mama muuzaji ananyunyiza maji, baada ya muda majani yanasimama tena, kwa nini? Kisha unatangaza kichwa na kukiandika ubaoni. Msiulize kumbusho la somo la wiki tatu nyuma kwa sababu tu mnalipenda.

Uchambuzi, dakika 23. Hapa ndipo fishi nyingi zinakuwa tupu. Ukurasa unagawanyika safu mbili, kazi ya mwalimu na kazi ya mwanafunzi. Katika safu ya kwanza unaandika maswali yenyewe, neno kwa neno, si «mwalimu anauliza maswali». Katika safu ya pili unaandika majibu unayoyangoja, na jibu baya unalolitazamia. Kwa osmozi jibu baya ni moja kila mwaka: «chumvi imeingia ikalainisha kiazi». Liandike. Andika na swali la kulivunja: kama kuna kitu kimeingia kwa wingi, kipande kingefupika ama kingerefuka? Wapime kwa rula. Kile cha maji ya chumvi kimefupika kidogo na kinapinda. Kile cha maji matupu ni kigumu. Basi kuna kitu kimetoka. Ni nini? Hapo darasa lenyewe linasema «maji», na wewe hukusema.

Jumuisho, dakika 10. Maneno machache ubaoni, yakitoka vinywani mwa wanafunzi: maji hupita kwenye utando unaochagua, kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Mchoro mmoja, mshale mmoja. Angalia sana neno «konsentrasio»: ukisema «maji yanaenda penye konsentrasio kubwa» bila kutaja ni konsentrasio ya nini, nusu ya darasa itaandika kinyume. Taja chumvi kila mara.

Matumizi, dakika 10. Maswali mapya, si yale yale ya uchambuzi. Kwa nini makayabu (samaki wa chumvi) hayaozi haraka? Kwa nini mbolea nyingi inachoma mimea badala ya kuilisha? Halafu swali la lengo, kila mtu kwenye karatasi yake.

Jumlisha dakika: 7 na 23 na 10 na 10. Inaonekana mchezo, lakini kuna fishi zinazofika dakika 65 kwa saa ya 50, na inspekta anajumlisha kabla hujafungua mdomo.

Juu ya lugha. Sekondari ni Kifaransa. Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi huku kwetu, si huko juu. Hata hivyo, darasa likiganda, dakika moja ya Kiswahili inafungua kile ambacho dakika kumi za Kifaransa hazikufungua. Fanya hivyo, kisha rudi na umtake mwanafunzi aseme tena kwa Kifaransa. Kinachokatazwa na inspekta mwenye akili ni kuhamia Kiswahili na kubaki huko, kwa sababu mtoto atafanya Mtihani wa Taifa kwa Kifaransa.

Ubao: ugawe sehemu tatu kabla hujaanza. Kushoto tarehe na kichwa cha somo, katikati jumuisho na mchoro, kulia ni mahali pa kujaribia, panapofutwa. Usifute katikati mpaka mwisho.

---

Chaki_Katuba:

Aksanti sana Fundi, hii nimeikopi yote. Swali: inspekta akimaliza somo ataomba kuona karatasi gani nyingine? Na kama mwalimu aliyetoka hakuacha kitu?

---

Fundi_wa_Fishi:

Ukiwa mtu wa majaribio siku hiyo, fishi inatosha, pamoja na jurnali ya darasa (daftari la masomo ya kila siku) iliyojazwa kwa siku ile. Ukishachukuliwa, ataomba vitu hivi akipita: mpango wa mwaka (ile prévision des matières), jurnali ya darasa, fishi zote zilizopita, kaye ya pointi, rejista ya mahudhurio kama wewe ni mwalimu mkuu wa darasa, na kaye chache za wanafunzi. Hizo za mwisho ndizo zinazokusema. Jurnali inaweza kuandikwa usiku mmoja. Kaye za watoto arobaini haziwezi.

Anachofanya ni kulinganisha. Anachagua tarehe moja, tuseme Jumanne ya wiki iliyopita, anatazama mpango ulisema nini, jurnali inasema nini, fishi iko ama haiko, na mtoto aliandika nini siku hiyo. Zikikubaliana zote nne, atakusamehe mambo mengi mengine. Zisipokubaliana, hata somo zuri halikuokoi.

Mpango wa mwaka kama mwenzako hakuacha: chukua programu ya taifa, hesabu wiki za kalenda ya mwaka, toa wiki za mitihani na likizo, zidisha kwa masaa ya somo lako kwa wiki. Kisha acha nafasi ya kurudia, moja ya kumi hivi ya masaa yote. Walimu wapya wanajaza kila saa na somo jipya, ikifika Februari wako nyuma na wanaanza kuandika ndani ya jurnali masomo ambayo hawakuyatoa. Kutoka hapo ni shida juu ya shida.

Fishi za mwenzako usizinakili. Inspekta anazijua, mara nyingine yeye mwenyewe ndiye aliyezisaini miaka mitatu iliyopita, na tarehe tu ndiyo imebadilika.

---

Mama_Pointi:

Nami naongeza juu ya kaye ya pointi, kwa kuwa watu wa universite wanakuja na mazoea ya kupima kila kitu kwa 20.

Sekondari mwaka una semesta mbili. Kila semesta ina periodi (vipindi vya kuhesabu pointi) mbili na mtihani, na mtihani una uzito wa periodi mbili zote. Kama maksima ya somo lako ni 20 kwa periodi, basi mtihani ni 40, semesta ni 80, mwaka ni 160. Maksima yanatoka kwenye buletini (ripoti ya mwanafunzi), si kichwani mwako, na yanapanda kufuatana na masaa ya somo. Shule ya msingi ni trimesta tatu zenye periodi sita, mantiki ni ile ile.

Makosa yanayorudi: kutoa interogasio (jaribio fupi) moja tu kwa periodi nzima, halafu mtoto aliyekuwa na malaria siku hiyo anaandikiwa sifuri. Toa tatu, nne ndogo, pamoja na kazi za nyumbani, kisha geuza jumla kuwa maksima. Mfano: mtoto ana 27 kwa 45 na maksima ni 20, 27 mara 20 gawanya kwa 45, unapata 12. Andika hesabu hiyo mahali, kwa sababu mzazi atakuja kuuliza, na katika baraza la walimu prefe naye atauliza. Pointi zinaandikwa kwa biki. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika upya, weka sahihi ndogo. Ukitumia korektori nyeupe kwenye kaye ya pointi, hata kama u mtu safi, umeshajenga mashaka.

Na hili nalisema bila kuzunguka: pointi haziuzwi wala hazibadilishwi kwa mwili. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto, na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Mwanafunzi wa mwaka wa nne wa humanite mwenye miaka 17 ni mtoto, akubali asikubali. Hapo mambo yanatoka ofisini mwa prefe, yanaenda kwa mwendesha mashtaka.

---

Annexe_Kimya:

Hakuna aliyemjibu juu ya matrikule, basi nijibu.

DINACOPE ndiyo iliyochukua nafasi ya SECOPE; watu wengi bado wanasema SECOPE, karatasi za zamani nazo zina jina hilo, usichanganyikiwe. Kazi yake ni kuwahesabu walimu na kutayarisha malipo. Yenyewe haiajiri mtu. Ukienda kule bila komisio na bila PV, wanakurudisha mlangoni.

Kabla ya kukubali nafasi, muulize prefe mambo matatu, na uombe kuona karatasi. Shule ina arete (amri ya Serikali) ya kuidhinishwa? Imeshaandikwa kwenye hesabu za DINACOPE na iko na bajeti? Na darasa lile utakalofundisha, lenyewe liko ndani ya bajeti, ama ni darasa waliloongeza kwa sababu wanafunzi wamekuwa wengi? Hili la tatu ndilo linalowaangusha watu. Shule inalipwa, walimu kumi wanalipwa, lakini wewe uko kwenye darasa ambalo Kinshasa hailijui. Unaweza kupewa matrikule na ukabaki «mekanize asiyelipwa», yaani umeandikwa lakini hupati mshahara, na watu wanakaa humo miaka.

Pia kuna tofauti kubwa kati ya kumrithi mtu na kuwa unite mpya (nafasi iliyoongezwa). Kama unamrithi mwalimu aliyefariki, aliyestaafu ama aliyeacha kazi, nafasi yenye pesa tayari ipo, na kinachohitajika ni karatasi zinazothibitisha kutoka kwake na kuingia kwako. Unite mpya inangoja bajeti mpya. Prefe akikwambia «unamrithi fulani», uliza fulani alitoka tarehe gani na kwa karatasi gani.

Utasikia pendekezo hili: «endelea kupokea kwa jina lake kwanza, yako itafuata.» Kataa. Kupokea mshahara kwa jina la mtu mwingine ni kosa la jinai, na siku ya kuhesabu walimu anayekutwa darasani ni wewe.

Kuhusu mchango wa wazazi unapongoja: katika shule ya msingi ya Serikali elimu ni bure, iko kwenye ibara ya 43 ya Katiba na inatekelezwa tangu Septemba 2019, kwa hiyo usimwombe mzazi hata mia. Sekondari ni tofauti, kuna gharama ambazo gavana anazipanga kwa arete ya kila mwaka, na shule inaweza kutoa humo kitu kwa asiyelipwa. Kiasi hicho kiandikwe, kisiwe maneno ya korido.

---

Mwl_Kamalondo:

Annexe Kimya amesema yote. Mimi kwa umri wa ndugu yetu ningechagua shule yenye mkurugenzi wa masomo anayeingia darasani kutazama walimu wapya, hata kama matrikule yake itachelewa, kuliko shule yenye nafasi ya haraka ambapo hakuna atakayefungua fishi yako mwaka mzima. Lakini najua nyumba inataka mkate, basi kila mtu apime.

---

Annexe_Kimya:

Mwalimu, mimi sikubaliani. Mwalimu asiyelipwa anafundisha shule tatu kwa siku, na hakuna mkurugenzi atakayemtengenezea fishi usiku. Kwanza nafasi yenye bajeti. Kutazamwa atatafuta mwenyewe: kuna mikutano ya shule jirani, zile REP, walimu wa somo moja wanaandaliana masomo ya mfano na kukosoana. Ahudhurie hizo.

---

Chaki_Katuba:

Nimeuliza. Shule ni ya Kiprotestanti, ina arete, na namrithi mwalimu aliyestaafu. Prefe anataka niache diploma za asili ofisini mpaka kordinasio isaini. Ni kawaida?

---

Papa_Ruashi:

Hapana. Diploma ya asili unaionyesha, wanailinganisha na kopi mbele yako, unarudi nayo nyumbani. Kinachobaki kwenye dosye ni kopi iliyothibitishwa. Kama anasisitiza, mwombe aandike pokezi yenye muhuri, akitaja namba ya diploma na tarehe atakayoirudisha. Mara nyingi akifika kwenye kuandika anakumbuka kwamba kopi inatosha. Na barua ya kustaafu ya yule unayemrithi, omba kopi yake sasa hivi, kabla ya somo la majaribio, kwa sababu bila hiyo kordinasio itakusaini lakini DINACOPE itakuhesabu kama unite mpya.